Habari za Vifuko vya Maji Kinywani

Habari tutakayoisema leo ni ya kitu kidogo, ambacho mara nyingi hakizidi ukubwa wa punje ya mpunga. Walakini katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki watoto wengi wameumizwa kwa ajili yake, na watu wazima si haba wamepoteza nusu ya taya kwa kukidharau. Ni habari ya vivimbe vyenye maji vitokeavyo kinywani: katika ufizi, ndani ya mdomo wa chini, chini ya ulimi, na hata ndani ya mfupa wa taya. Twasema hasa na watu wa bonde la Kilombero, tangu Kidatu na Mang'ula hata Ifakara, na tangu Ifakara hata Mlimba, na ndugu zao walio ng'ambo ya mto kuelekea Mahenge na Malinyi. Ingawa hayo tuyasemayo yawafaa na wengine.

Madaktari hukiita kivimbe cha namna hii sisti. Sisi tutakiita kifuko, kwa kuwa ndivyo kilivyo: kina ngozi nyembamba pande zote, na ndani yake mna maji, au ute, au kitu kizito kama uji. Kifuko si jipu. Jipu huja kwa moto na maumivu, likatunga usaha kwa siku chache. Kifuko huja kimya, wala hakiumi, isipokuwa kimeingiliwa na vijidudu. Wala kifuko si saratani. Lakini kwa macho matupu ni vigumu kukipambanua na uvimbe mwingine ulio wa hatari, na hapo ndipo shida inapoanza.

Yako makosa mawili ambayo watu huyafanya katika jambo hili, nayo yanakwenda kinyume. Kosa la kwanza ni kukata kile kisichohitaji kukatwa, na hili humpata mtoto mchanga. Kosa la pili ni kuacha kile kilichopasa kutolewa zamani, na hili humpata mtu mzima. Tutakawia zaidi katika lile la kwanza, maana mtoto hana kauli ya kujitetea.

Mtoto anapozaliwa, mkimfungua kinywa mkatazama kwa taa, pengine mtaona katika kaakaa lake, au juu ya ufizi, vijipele vyeupe vigumu kidogo, vinavyong'aa. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga duniani huwa navyo. Vile vya kaakaani huitwa lulu za Epstein, kwa jina la Alois Epstein, daktari wa watoto wa mji wa Prague. Hivi ni vifuko vidogo mno, vimejaa kitu kile kile kifanyacho kucha na nywele, navyo hupasuka na kutoweka vyenyewe katika majuma machache, au miezi mitatu ikizidi. Havina dawa, kwa sababu havina ugonjwa.

Lakini mwajua jinsi wazee wetu walivyoogopa meno yaliyokuja bila ya taratibu. Neno kigego lilikuwa neno zito. Mtoto aliyezaliwa na meno, au aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, alihesabiwa kuwa ni mkosi kwa ukoo mzima, na zamani hakuachwa kuishi. Mambo hayo yamepita mahali pengi, twashukuru. Walakini hofu ina mizizi mirefu kuliko desturi yenyewe, na kijipele cheupe katika ufizi wa mtoto wa siku tatu chaweza bado kumfanya bibi akamnong'oneza mkwewe maneno ya kumtia wasiwasi. Mama, ukinong'onezwa hivyo, mpeleke mtoto kwa mkunga au mwuguzi wa zahanati amtazame. Ikiwa ni jino kweli, naye atajua la kufanya. Ikiwa ni lulu, mtarudi nyumbani mkicheka.

Sasa mtoto amekua, ana miezi mitano au sita. Ufizi wake wa chini, kushoto na kulia, hufanya vivimbe viwili vyeupe. Ni mahali pa chonge. Jino la chonge limelala pale ndani, taji lake lingali laini, nalo halitarajiwi kutoka mpaka mtoto atimize kama miezi 16 au zaidi. Wakati mwingine jino likiwa karibu kutoka, maji au damu kidogo hukusanyika juu yake, ikawa kifuko chenye rangi ya buluu au zambarau. Watu wakikiona hushtuka. Hicho nacho hupasuka chenyewe jino linapochomoza. Ni mara chache tu daktari hukata ngozi ya juu kidogo ili kulifungulia jino njia.

Ni kwa vivimbe hivi, wasikilizaji wetu, kwamba lilizuka jina la meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Jina ni geni kama vitu vyenyewe vya plastiki. Katika Tanzania lilivuma tangu miaka ya 1980. Lakini tendo si geni. Mwaka 1969 Jens Pindborg, daktari wa meno wa Denmark, aliandika habari za watoto wa Waacholi, kaskazini ya Uganda, waliochimbuliwa chonge zao ili kuponya homa na kuhara; na kwa Wamasai wa Kenya madaktari waliona jambo hilo hilo. Kote huko maelezo ni mamoja: mtoto ana homa, anahara, anatapika, hanyonyi, wakubwa wanamtazama kinywani, wanaona vivimbe vyeupe, wanasema, hayo ndiyo yanayomla. Huitwa mtu mwenye sifa ya kuyatoa. Hutumia wembe, au kisu, au njiti ya gurudumu la baiskeli iliyonolewa, naye hupasua ufizi bila ganzi akachokoa hata kikatoka kitu cheupe, chororo, mfano wa funza. Husema, tazameni, si jino la haki hili. Na mama aliyemshikilia mwanawe huku akilia huamini, maana amekiona kwa macho.

Alichokiona ni jino la utoto la mwanawe, lililokuwa halijakomaa. Kila jino katika umri ule lingekuwa chororo vile vile.

Tena kuna jambo ambalo wenye kuchokoa hawalioni. Chini ya chonge ya utoto, katika mfupa ule ule, chonge ya ukubwani huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi minne au mitano, yaani katika siku zile zile anapopelekwa kupasuliwa. Njiti ikiteleza kidogo, jino hilo nalo huharibika. Litatoka mtoto akiwa na miaka tisa au kumi, likiwa limepinda, au lina mashimo na rangi ya kutu, au halitatoka kabisa. Hayo ndiyo madhara ya aliyesalimika. Asiyesalimika hufa kwa kutoka damu isiyozuilika, au kwa sumu ya vijidudu vilivyoingia katika damu, au kwa pepopunda. Na chuma kimoja kikipita vinywa vya watoto kadhaa, virusi vya UKIMWI navyo vyaweza kupita.

Mtu aweza kuuliza: Mbona mtoto wa jirani alitolewa, na homa ikapoa? Swali ni la haki. Homa nyingi na kuhara kwingi kwa watoto hupoa kwenyewe baada ya siku chache, liwe limetolewa jino au halikutolewa. Aliyepoa husimuliwa kijiji kizima. Aliyekufa, husemwa kwamba alicheleweshwa. Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna dawa duniani itakayoonekana kuwa mbovu.

Basi homa hiyo hutoka wapi? Tazameni umri. Mtoto wa miezi sita ameanza kupungukiwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Ameanza kupewa uji na maji, ameanza kutambaa na kutia kinywani kila aokotacho. Na ndio umri ambao chonge huonekana katika ufizi. Mambo mawili yamekutana njiani, na moja limesingiziwa mwenziwe. Katika Kilombero twalijua vizuri kuliko watu wengi, kwa kuwa bonde letu limechunguzwa sana. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, katika Uswisi, alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikaanzishwa pale nyumba ya uchunguzi ambayo kwa kukua kwake imekuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Tangu mwaka 1997 mradi wa KINET uliuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wachunguzi walipohesabu, waliona kwamba uhai wa watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo, wa tangu mwezi mmoja hata miaka minne, umeongezeka kwa 27 katika mia. Hawakung'oa jino hata moja. Walimzuia mbu.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe damu ya malaria siku ile ile, wala asingojwe mpaka kesho. Mwenye kuhara apewe maji yenye chumvi maalumu ya pakiti, pamoja na vidonge vya zinki, naye aendelee kunyonya. Vivimbe vya ufizi viachwe. Na kwa kuwa tumelitaja koo la mtoto kwa mbali, tuongeze kwamba kumkata kimeo kwa ajili ya kikohozi ni ndugu wa kosa hili.

Tuwageukie wakubwa kidogo. Kijana akijiuma mdomo wa chini mara kwa mara, kijinjia cha mate huvunjika, na mate yakamwagika ndani ya nyama badala ya kutoka nje. Huota kifuko laini, chenye kung'aa, ukubwa wa punje ya mtama au zaidi. Hupasuka wakati wa kula, mwenyewe akafurahi, kisha hurudi. Kukitoboa kwa sindano ni kazi ya bure. Daktari hutia ganzi, akakitoa pamoja na tezi ndogo iliyo chini yake, na mgonjwa hurudi nyumbani mchana ule ule.

Kilicho kikubwa zaidi ni kile cha chini ya ulimi. Huwa upande mmoja, rangi yake ya samawati kama tumbo la chura, na ndiyo sababu Warumi wa zamani walikiita ranula, yaani chura mdogo. Huinua ulimi, mtu akasema kama mwenye chakula kinywani. Na pengine hushuka mpaka shingoni, pakavimba chini ya kidevu. Dawa yake yenye kudumu ni kutoa tezi ya mate iletayo maji hayo. Madaktari wa Zimbabwe waliona kwamba wengi wa wagonjwa wao wenye kifuko hiki walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo daktari akikushauri upime damu usikasirike, hakutukani. Wako wengi wenye kifuko hiki wasio na virusi hivyo.

Sasa twafika kwenye vifuko vya ndani ya mfupa, ambavyo ndivyo hudharauliwa zaidi. Jino likitoboka na kuachwa, ule uzi wa uhai ulio ndani yake hufa. Maumivu hukoma, na mtu husema, namshukuru Mungu nimepona. Hajapona. Katika ncha ya mzizi vijidudu huendelea, na kwa miaka mingi mwili hujenga kifuko pale. Maji ya ndani husukuma, na mfupa, mgumu kama tuujuavyo, hurudi nyuma kidogo kidogo kama ukingo wa mto Kilombero wakati wa masika. Hatimaye shavu huvimba, meno hulegea, na ukibonyeza kwa kidole wasikia mfupa umekuwa mwembamba kama ganda la yai. (Bonde lenye mashamba ya miwa na viwanda vya sukari halina haja ya kuambiwa sukari ni nini, lakini chai ya asubuhi yenye vijiko vitano haikulazimishwa na kiwanda.) Namna nyingine huota kuzunguka taji la jino lililokataa kutoka, aghalabu gego la mwisho au chonge ya juu. Dalili yake ni jino lisiloonekana mahali pake, wala hukumbuki kulitoa.

Kutoa jino peke yake hakutoshi sikuzote. Kifuko kikiachwa nyuma chaweza kuendelea kukua hata pengo likiwa limefunga na kusahauliwa. Ndiyo maana daktari hutaka kwanza picha ya eksirei. Pengine huchoma sindano na kuvuta maji: yakiwa ya rangi ya majani makavu, yenye kumetameta, hiyo ni dalili ya kifuko, ikitoka damu tupu, atasita na kutafakari. Kikiwa kidogo, hufunua ufizi kwa ganzi, akakibandua chote na ngozi yake kama mtu atoavyo kiini cha embe, kisha akashona. Kikiwa kikubwa mno hata kukitoa kwa mara moja kungeweza kuvunja taya, hutumia njia ya Carl Partsch, mpasuaji wa mji wa Breslau, aliyeieleza mwaka 1892: hufungua dirisha tu, maji yakatoka, kisha mgonjwa huosha tundu lile kila siku kwa miezi, na mfupa wenyewe hujaza nafasi. Ni njia ya subira, lakini imeokoa taya nyingi.

Nyama iliyotolewa haitupwi. Hupelekwa kutazamwa kwa hadubini, kwa sababu uko uvimbe uitwao ameloblastoma, unaojulikana vizuri kwa madaktari wa Muhimbili, ambao katika picha hufanana na kifuko kama pacha. Huo si wa kukwanguliwa. Ukikwanguliwa hurudi, na mgonjwa huja baada ya miaka akiwa na uso usiotambulika, hana budi kukatwa kipande cha taya. Mtu aliyeambiwa, njoo uchukue majibu ya nyama, naye asirudi, amefanya nusu ya matibabu.

Na uvimbe wa taya ukuao kwa siku na majuma katika mtoto, kifuko haukui hivyo. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona mtoto mwenye vivimbe katika taya zote mbili, juu na chini, kushoto na kulia. Akachunguza, akaandika mwaka 1958; na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari kiasi cha kilometa 16,000 kutoka Kampala hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine ni wapi ugonjwa huu uonekanapo. Wakaona kwamba wafuata nchi za chini, zenye joto na mvua, ambako malaria haikatiki mwaka mzima. Kila mkazi wa Kilombero anajua nchi ya namna hiyo. Ugonjwa huo ni saratani, nao huua upesi. Lakini pia ni katika saratani za kwanza zilizoitikia dawa, na mtoto anayefika mapema aweza kupona. Meno ya mtoto yakilegea, na shavu likipanda juma kwa juma, msipeleke kwa mchokoaji wala msipake majani. Nendeni hospitali kesho.

Twajua sababu zinazowachelewesha watu. Wakati wa kilimo jamaa nzima huhamia mashambani, wakakaa katika dungu wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na zahanati iko mbali. Husemwa, tutakwenda baada ya mavuno. Kwa kifuko cha mdomo wa chini neno hilo halidhuru. Kwa kifuko cha taya cha mtu mzima mwezi mmoja hautaharibu mengi, ila mtu aweke ahadi na kuishika. Kwa homa ya mtoto, na kwa uvimbe wa taya wa mtoto, mavuno hayangojwi. Wa ng'ambo ya mto hawangojei tena kivuko kama zamani, kwa kuwa daraja la Kilombero lipo. Na Ifakara iko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo inapokea wagonjwa wanaotumwa na zahanati na vituo vya afya vya bonde. Kazi kubwa ya taya huweza kuhitaji kwenda Dar es Salaam, na hapo barua ya daktari pamoja na picha yako ya eksirei uzichukue mkononi, usiziache nyumbani juu ya kabati.

Aliyekwisha kupasuliwa kinywa ale chakula laini, uji, wali mlaini, samaki asiye na miiba, kwa siku chache. Siku ya kwanza asisukutue kwa nguvu, lisije donge la damu likang'oka. Tangu siku ya pili asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai katika bilauri, baada ya kila chakula. Asivute tumbaku, wala asichokoe nyuzi kwa ulimi. Damu ikiendelea, auume kitambaa safi kilichokunjwa kwa nusu saa bila kukiondoa kila mara kutazama, isipokoma, arudi. Na aliyetolewa kifuko cha ndani ya mfupa arudi kupigwa picha tena kwa siku atakayopewa, na tena baadaye, hata kama haoni maumivu yoyote, kwa maana hata mara ya kwanza hakuyaona.